MAJI YA KIJANI NI CHAKULA CHA PEREGE

Ndugu wana-Rujewa, leo tuzungumze juu ya bwawa la samaki.

Wengi wetu tukiona maji ya bwawa yamekuwa ya kijani, twasema yamechafuka. Sivyo. Ukijani ule ni mimea midogo mno. Perege huila. Tukitia samadi iliyooza tunairutubisha, kama tunavyorutubisha mpunga.

Lakini kila kitu kina kiasi. Mchana, kwa jua, mimea hii hutoa hewa ya oksijeni. Usiku huivuta, sawa na samaki. Ikizidi, hewa hupungua. Alfajiri tutaona perege wanahema juu ya maji. Tukichelewa, watakufa.

Basi tupime mchana, jua likiwaka. Tufunge kifuniko cheupe kwenye ncha ya fimbo, tukizamishe polepole. Kikipotea machoni kati ya sentimeta 20 na 30, maji ni mazuri. Rula ya shule ina sentimeta 30. Kikipotea kabla ya 20, tuache samadi, tuongeze maji safi. Kikionekana hata kupita 30, tuongeze samadi kidogo.

Tusingoje kiangazi. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kule hifadhini mwaka 1993, na mifereji yetu nayo hupungukiwa maji. Wakati huo maji safi ya kuokoa bwawa tutayatoa wapi? Tupime mapema, kila wiki. Fimbo na kifuniko ni bure. Perege ni kitoweo cha watoto wetu.