Mkataba wa Msitu Uko Wapi?

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vinavyopakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke



Nimeombwa niongee juu ya miti. Sitaongea sana juu ya kupanda, maana kupanda mnakujua na vitalu vyenu nimeviona. Nataka tuongee juu ya ile miti ambayo hakuna aliyeipanda, na ambayo hutoka msituni usiku.

Msitu wetu huu una kama kilomita 420 za mraba. Ndio kipande kikubwa kabisa cha msitu wa asili kilichobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Lakini watu tumeongezeka. Shamba la babu limegawanywa kwa watoto, likagawanywa tena kwa wajukuu. Mahindi yakikauka, mtu anaangalia wapi? Si msituni? Mhugu unachongwa vinyago, mbambakofi unakuwa mlango, na boriti zinajenga nyumba. Makaa nayo ni shida ya peke yake. Tanuri la udongo likipangwa vibaya, kilo 8 hadi 10 za mti zinatoa kilo moja tu ya makaa. Hiyo nyingine yote imekuwa moshi na majivu.

Zamani msitu ulikuwa wa serikali na mwanakijiji alihesabiwa mwizi tu. Huku kwetu, Dida, majaribio ya kusimamia msitu pamoja na wanakijiji yalianza mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla sheria haijabadilika. Ndipo ikaja Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na baadaye ile ya 2016 iliyochukua mahali pake. Sasa jamii inayokaa karibu na msitu yaweza kuandikisha chama chake na kuomba kwa Shirika la Huduma za Misitu ishirikishwe. Mkikubaliana, mnatia sahihi mkataba. Katika mkataba huo mwaweza kupewa haki ya kuokota kuni, kukata nyasi, kuweka mizinga ya nyuki, kuchuma dawa, hata kutembeza watalii.

Haya, nauliza. Mkataba wenu uko wapi? Nani hapa ameusoma? Mara nyingi karatasi iko kwa mwenyekiti, tena kwa Kiingereza. Mama anayeenda kuni hajui kama ameruhusiwa mzigo wa kichwa au wa mkokoteni, wala siku gani, wala kama kuni mbichi zimo. Akikutana na askari wa msitu ataanza kubembeleza, au atoe kitu kidogo, na kumbe ni haki yake! Na mwenye lori, ambaye hana haki yoyote, anapita.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nanyi mnalijua. Anayekata usiku si mgeni siku zote. Ni mpwa wako, na pesa hizo zimelipa karo. Ndiyo maana kamati nyingi hunyamaza. Mimi sioni faida ya kumpeleka kijana polisi kama kikundi hakina kitu kingine cha kumwonyesha. Lakini pia sikubali kwamba umaskini unampa mtu ruhusa ya kumaliza kitu cha wote. Adamu hakupewa bustani aivune tu.

Kazi nyingine zipo. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umewawezesha wakulima kufuga vipepeo. Ukisikia mara ya kwanza utacheka. Mkulima hushika vipepeo majike msituni, wakataga mayai, akalisha viwavi majani, na vifukofuko vikasafirishwa ng'ambo kwa ndege vikiwa hai. Msitu ukiisha, mbegu ya kipepeo imeisha. Lakini tusidanganyane, si kazi ya kijiji kizima. Soko liko mbali, na ndege zikisimama, kama mwaka 2020 wakati wa korona, mfugaji hana pa kuuza. Kwa hivyo changanyeni: mizinga, vipepeo, na mikasuarina au mwarobaini shambani kwa boriti na kuchonga.

Kabla ya mkutano wetu ujao, kila katibu alete nakala ya mkataba. Kama haipo, aiombe ofisi ya misitu kwa barua, si kwa mdomo. Mwalimu mmoja wa kila kijiji atatusaidia kuutafsiri, nasi tutausoma kwa sauti kipengele kwa kipengele.

Sasa maswali. Tuanze na akina mama wa kuni.