Kipimo cha Akili Nacho Kipimwe

Wahitimu wapenzi wa sayansi na ualimu,

Madhali wengi wenu mtakuwa mkisahihisha karatasi za wengine kabla ya mwaka kwisha, wasia wangu ni mmoja: msimhukumu mwanafunzi kwa kipimo msichokihakiki.

Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Anton Lawson, alichapisha mtihani wa kupima namna wanafunzi wanavyofikiri kisayansi, na toleo lake la mwaka 2000 lina maswali 24 yaendayo mawili mawili, aghalabu la kwanza likitaka jibu na la pili likitaka sababu. Humo mna nyuzi tatu zilizoning'inizwa, mbili za urefu sawa na moja fupi. Mrefu mmoja na ule mfupi zimefungwa vyuma vya uzito wa vizio 10, na mrefu wa pili chuma cha uzito wa vizio 5. Ukitaka kujua kama urefu wa uzi hubadili muda wa kubembea, utatumia zipi? Mwenye kufikiri sawasawa huchagua mrefu na mfupi zenye uzito mmoja, ili urefu peke yake ndio utofautiane. Lakini yumkini mwingine akalipata jibu hilo kwa kubahatisha, na mwingine mwenye hoja nzuri akalikosa kwa kutatizwa na lugha ya swali. Ndiyo maana wahakiki wa mitihani hawatosheki na alama: humketisha mwanafunzi, wakamwomba afikiri kwa sauti, wakasikiliza kama hoja iliyomfikisha kwenye jibu ndiyo waliyokusudia kuipima.

Wala msidhani kuwa kipimo kimoja hupima yote: mwaka 2009 mtafiti Lei Bao na wenzake walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wanafunzi wanaoanza chuo kikuu nchini China na Marekani. Katika maarifa ya nguvu na mwendo Wachina waliwapita wenzao kwa mbali, ilhali katika mtihani wa Lawson pande zote mbili zilipata wastani wa karibu asilimia 75. Wingi wa maarifa na ubora wa kufikiri, basi, ni mambo mawili, wala ushahidi wa moja hautoshi kuthibitisha la pili.

Kwa hiyo, kabla ya kuwatahini vijana wetu kwa maswali yaliyotungwa ugenini, ketini na wachache wao muwasikilize. Kwani aliyedhulumiwa na swali bovu hana kadhi wa kumwendea, ila mwalimu mwadilifu. Nawapongezeni, na Mwenyezi Mungu awajaalie insafu katika kila alama mtakayoiandika.