Usukani Ukilegea, Usiseme Tayari
(Mazungumzo ya fundi mmoja na wageni wapya, Edmonton)

 

Najua anayepita Fore Street katikati ya mabasi atajiuliza trekta limeingiaje humu. Lakini ukipanda na bonde la mto Lea kuelekea Waltham Abbey na Nazeing, utakuta mabanda ya vioo ya matango, na zaidi ya hapo mashamba ya Essex na Hertfordshire. Baadhi yenu mmeanza kazi huko, wengine mnajitolea. Na kwenye mashamba madogo bado yapo matrekta ya zamani, hasa Massey Ferguson 35 na 135, yaliyoundwa Coventry kabla wengi wenu hamjazaliwa. Ni yale yale tuliyoyazoea nyumbani. Kwa hiyo mkono wako unalijua tayari.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa kijana, kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, niliachiwa Massey Ferguson 35 lenye stelingi iliyolegea. Nikaona tairodi endi zimekwisha, nikazibadilisha zote, nikamwambia dereva, "Tayari, chukua." Kesho yake, kwenye tuta la mfereji, alikata kona. Gurudumu la kulia likamtii, la kushoto likabaki linatazama mbele. Trekta likaingia mfereji, naye akavunjika mkono. Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mpaka leo neno "tayari" linanikaa kooni.

Kwa nini gurudumu moja lilitii na jingine likakataa? Trekta la aina ile, lenye stelingi ya mkono, lina sanduku la stelingi lenye mikono miwili, mmoja kila upande. Kila mkono unasukuma rodi yake, na kila rodi inageuza gurudumu lake. Juu ya kingipini ya kila gurudumu kuna mkono mfupi, umebanwa kwa bolti na kuzuiwa usizunguke na kii, kile kichuma kidogo chenye umbo la nusu mwezi. Kii ya kushoto ilikuwa imelika. Mimi niliona kilichoharibika waziwazi, nikaacha kutafuta.

Basi somo lote la leo ni hili: usukani ni mnyororo unaotoka mikononi mwako mpaka kwenye tairi. Mahali fulani mwendo unapotea. Usibadilishe kitu mpaka umeona ni wapi, na ukishapaona, endelea mpaka mwisho wa mnyororo, maana ubovu hauji peke yake.

Kabla ya kugusa, simamisha trekta vizuri. Hapa Uingereza wanafundisha hatua nne: breki ya mkono, kila kifaa kiachwe salama na kilichoinuliwa kishushwe chini, injini izimwe, ufunguo utoke. Weka kabari nyuma na mbele ya magurudumu makubwa. Ukiinua mbele kwa jeki, tia stendi za chuma chini ya ekseli. Usilale chini ya kitu kinachoshikiliwa na jeki peke yake.

Sasa pimeni, watu wawili. Magurudumu yakiwa chini, mmoja akae kitini atikise usukani kidogo kushoto na kulia, injini imezimwa. Mwingine aanzie juu ashuke, akiweka kidole kwenye kila kiungo. Je, usukani wenyewe umekaza kwenye shafti yake? Je, sanduku linacheza kwenye bolti zake? Shafti inazunguka lakini mkono wa sanduku umesimama? Basi mwendo unapotea ndani ya sanduku. Mkono unakwenda lakini rodi inachelewa? Ni tairodi endi. Rodi inakwenda, mkono wa juu ya kingipini unakwenda, lakini kingipini haiendi? Ndiyo ile kii yangu ya Mbarali.

Kisha inua mbele. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, tazama: habu ikicheza na kingipini imetulia, ni beringi za gurudumu. Kingipini ikicheza pamoja na habu ndani ya ekseli, ni bushi. Tazama pia pini ya katikati ya ekseli, ile inayoiruhusu kuyumba kama mizani. Nayo hulika.

Tatizo likiwa ni uzito, si ulegevu, njia ni hii. Kwanza pima upepo wa tairi. Halafu inua mbele uzungushe usukani. Ukiwa bado mzito, fungua rodi zote mbili kutoka kwenye magurudumu, uzungushe tena. Ukiwa mwepesi sasa, kingipini zimekauka au zimeshika kutu: grisi, na zikikataa, zifunguliwe zisafishwe. Ukiwa bado mzito, tatizo ni sanduku. Angalia oili yake kwanza, maana mara nyingi sili huvuja na sanduku hubaki kavu miaka.

Kwenye kutengeneza, niseme machache. Kabla ya kufungua tairodi endi, pima urefu wa rodi yote na uandike, ili ukirudisha magurudumu yasipoteze mwelekeo. Usipige nyuzi kwa nyundo. Piga ubavu wa jicho la mkono, kiungo kitaachia chenyewe. Kotapini iliyotoka haitumiki tena, tia mpya. Kii iliyolika haijazwi kwa kulehemu wala haifungiwi bati la kopo. Nunua kii mpya, na kama njia yake kwenye kingipini au mkono imepanuka, hivyo navyo vibadilishwe. Mwisho pima upana kati ya tairi mbili, mbele na nyuma, usawa wa habu. Mbele hutakiwa pafanane na nyuma au papungue milimita chache tu. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha trekta.

Masika yaliyopita hapa niliitwa na mwenye shamba, mzee mwema. Alikuwa ameshaagiza sanduku jipya la stelingi. Tulipima kama nilivyowaeleza. Sanduku lake lilikuwa zima. Bushi za kingipini ndizo zilizokwisha, na bolti ya mkono wa kulia ilikuwa nyembamba kuliko tundu lake. Akarudisha sanduku, akanunua bushi, kii na bolti. Lakini siku ile alikuwa na haraka, alitaka trekta livute trela barabarani jioni ileile. Nikamwambia, leo halitoki. Alinuna. Baadaye alikuja kunishika mkono.

Nawaambia hili kwa sababu najua mgeni anavyojisikia. Umepata kazi kwa shida, Kiingereza bado kinakukwama, hutaki kuonekana mkorofi. Lakini matrekta mengi ya shamba hayapiti ule ukaguzi wa MOT wa kila mwaka kama magari. Hakuna mtu mwingine atakayeiona kii ile. Na sheria ya hapa inamtaka mwajiri aweke vifaa vya kazi katika hali salama, kwa hiyo ukisema "hili si salama" humkosei adabu, unamsaidia. Kama maneno hayatoshi, toa ufunguo, mpeleke kwenye gurudumu, mtikisie aone.

Mambo mawili ya mwisho. Leseni kamili ya gari dogo ya Uingereza inakuruhusu kuendesha trekta pia, ndiyo daraja F. Na anayesubiri majibu ya ombi la hifadhi kwa kawaida haruhusiwi kuajiriwa, ila anaweza kujitolea kwenye shirika la hisani. Waulizeni washauri wetu hapa kabla ya kukubali kazi yoyote.

Yule dereva wa Mbarali alipopona alirudi kazini. Siku ya kwanza hakuniuliza kama trekta liko tayari. Alisema, "Fundi, panda wewe kwanza." Nikapanda. Tangu siku ile, trekta nililotengeneza stelingi naliendesha mwenyewe kwanza, polepole, uwanjani, kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Nanyi fanyeni hivyo.

 Sasa nipeni maswali yenu.