Kodi mbili, mlango mmoja

Neno "kodi" ni la ajabu: ni pesa ya mwenye nyumba, na ni pesa ya serikali pia. Hapa Bukavu zote mbili hukutana mlangoni pa mpangaji.

Kifungu cha 204 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kiliipa mikoa kodi ya mapato ya upangishaji. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 22: shirika linalopanga nyumba katika mtaa wa Muhumba hukata 20 kwenye malipo na kuzipeleka hazina, mwenye nyumba akamalizia 2. Sawa, shirika lina mhasibu. Lakini katika wilaya ya Kadutu chumba hulipwa mkononi, bila karatasi. Nani atamkata nani? Na mfano uanzie juu: wamiliki wakubwa wa umma, yaani CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) na SONAS (shirika la bima la serikali), mapato ya majengo yao yabandikwe ukutani tuyaone.

Tangu kundi la waasi la AFC/M23 liuteke mji Februari 2025, swali limekuwa zito zaidi: risiti ya nani itatambuliwa kesho? Mwenye nyumba anayehofia kulipa kodi mara mbili humwongezea mpangaji bei, au hudai garanti (amana ya upangaji) nene, ingawa sheria ya Desemba 2015 inaiwekea kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi.