Kambi ya Agosti Nyanda za Juu: Kuwaandaa Skauti kwa Baridi ya Unyevu



Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya kambi ya mwisho wa wiki katika majira ya baridi, hasa kwa makundi ya Pwani na Nairobi yanayokusudia kupanda Nyahururu na Kinangop likizo ya Agosti. Hoja yangu ni moja, nami naitanguliza ili anayetaka kunipinga ajiandae: katika baridi ya kwetu adui ni maji. Mpango wa kambi usioanza na swali la mtoto atakaukaje ni mpango ulioandikiwa nchi nyingine.

Tarehe yenyewe tumeirithi. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowapeleka wavulana wake kisiwani Brownsea mwanzoni mwa Agosti 1907, Uingereza ilikuwa katika kiangazi. Mwaka 1908 akachapisha kitabu chake, mwaka 1910 skauti wakaanza Kenya, na desturi ya kupiga kambi Agosti ikapata makao katika kalenda ya shule zetu. Hakuna aliyeuliza Agosti ya huku ikoje. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda juu ya nyanda za juu za kati, jua huchungulia kwa saa chache au lisionekane kabisa, na huko Nyahururu mvua za Julai na Agosti ni za kawaida. Kwa hiyo tunawapeleka watoto kulala nje katika miezi ambayo wenyeji wa huko wanafunga madirisha.

Mtu wa Mombasa huambiwa kuwa ikweta inapita jirani na Nyahururu akadhani joto litamfuata huko. Mji huo uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Kinangop ziko juu zaidi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoteza kama nyuzi 6.5 za selsiasi. Piga hesabu: mtoto aliyezoea usiku wa nyuzi 20 na kitu pale Kisauni atajikuta katika usiku ulio chini ya nyuzi 10, tena ndani ya hema, tena ardhini. Bonde lililojificha upepo, ambalo kila kiongozi mgeni hulipenda akiliona mchana, ndilo linalokusanya hewa baridi usiku, kwa sababu hewa baridi ni nzito na huteremka. Pigeni mahema kwenye mteremko mdogo, juu kidogo ya bonde, penye miti au ua wa kuvunja upepo.

Miongozo mingi tunayoisoma imetoka Kanada, Marekani na nchi za Skandinavia. Ni mizuri, lakini inazungumzia baridi kavu. Theluji ya nyuzi 15 chini ya sifuri hukung'utwa kwenye koti kabla haijayeyuka. Manyunyu ya Kinangop kwenye nyuzi 8 huingia kwenye sweta, hushuka hadi fulana, na hubaki humo mpaka Jumapili. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Ndiyo maana kijana aliyelowa anaweza kuingia hatarini kwenye kiwango cha joto ambacho kipimajoto kinakionyesha kuwa cha kawaida tu. Mtoto mdogo yuko hatarini zaidi, kwani mwili wake una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake.

Nguo

Tuanze na sare. Kaki na pamba ni vazi la gwaride, na baada ya gwaride livuliwe. Pamba hunywa maji na kuyashikilia. Jinzi ni mbaya kuliko vyote: ikilowa haikauki kambini, na kijana ataendelea kuivaa kwa sababu ndiyo suruali aliyoichagua kwa fahari. Kwa upande mwingine, sweta ya shule ambayo mtoto anaidharau ni rafiki mzuri, maana nyingi zimefumwa kwa nyuzi za akriliki zisizonywa maji mengi.

Hakuna haja ya mzazi kuingia duka la vifaa vya wapanda milima. Baridi za Ulaya na Kanada zimetuletea makoti yake katika masoko ya Gikomba na Toi, na mzazi mwenye subira huondoka na jaketi la maana kwa bei ya mitumba. La kuangalia ni kitambaa. Soma lebo ya ndani: sufu au poliesta, chukua, pamba asilimia mia, rudisha. Kama lebo imekatwa, dondoshea kitambaa matone ya maji uone kama yanabaki juu au yanamezwa. Mifuko ya kulalia nayo hupatikana. Ile iliyojazwa manyoya ya bata ni myepesi na ina joto la ajabu, lakini ikilowa hugeuka tonge na joto lote hupotea. Kwa hali yetu, uliojazwa nyuzi za poliesta ni bora, ingawa ni mzito. Ukikuta lebo yenye viwango vitatu vya joto, fuata kile cha juu kabisa, cha kulala kwa raha. Kile cha chini kabisa ni cha mtu mzima kutokufa tu.

Kisha kuna mavazi ya usiku, na hapa naomba tuwe wakali. Kila kijana awe na seti moja isiyoguswa mchana: soksi, suruali ya mazoezi, fulana ya mikono mirefu, na kofia ya sufu, ile vijana wanayoiita marvini. Seti hiyo ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji na kiongozi aikague kabla ya basi kuondoka. Mtoto atakuja kuomba aivae Ijumaa jioni baada ya kulowa kwenye mchezo. Mkatalie mpaka wakati wa kulala ufike, umpe nguo nyingine kavu kutoka kwenye akiba ya kundi. Kiongozi asiye na gunia la akiba la sweta na soksi hajajiandaa, hata kama ratiba yake imepigwa chapa vizuri.

Tandiko

Wazazi hutuma mablanketi mazito ya kujifunika na kusahau upande wa chini. Blanketi likilaliwa hubanwa, hewa iliyomo hutoka, na ardhi hunyonya joto la mgongo usiku kucha. Mwenye mablanketi matatu alalie mawili na kujifunika moja, kisha aongeze koti juu. Chini kabisa iwe nailoni nzito, halafu katoni zilizobomolewa au magunia makavu, halafu godoro jembamba la sponji. Katoni za dukani ni bure na zinafanya kazi. Nimeona makundi yenye mahema ya gharama yakitetemeka, na jirani zao wa shule ya kijijini wakikoroma juu ya magunia yaliyojazwa nyasi kavu.

Hema lenyewe hutoa maji. Vijana wanne wakipumua usiku kucha, pumzi hugeuka matone kwenye paa na kuwadondokea. Mwelekeo wa kila mtu ni kufunga zipu zote. Acheni tundu la juu wazi, na mfundisheni kijana asilale kichwa ndani ya blanketi. Kofia ifunike kichwa, pua ibaki nje.

Chupa ya maji ya moto ndani ya soksi, ikiwekwa tumboni au kati ya mapaja, husaidia sana. Chupa za soda hulegea zikimiminiwa maji yanayochemka, kwa hiyo maji yapoe kwanza, na kifuniko kijaribiwe kwa kuipindua. Chupa inayovuja ndani ya tandiko ni balaa kuliko baridi yenyewe.

Jiko la makaa

Kama mtasahau yote niliyosema leo, hili mlibebe. Jiko la makaa lisiingie ndani ya hema, wala katika darasa lililofungwa, hata kwa dakika tano, hata likiwa limebaki majivu mekundu. Makaa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, yaani mambo yale yale tunayotarajia kwa mtoto aliyechoka na aliyepanda mahali pa juu. Aliyelala hapati hata nafasi ya kulalamika. Nyanda za juu zina mazoea ya kuingiza jiko chumbani jioni ya Julai, na wazazi wengi wamekulia humo wakiwa salama kwa sababu nyumba zilikuwa na nyufa. Hema la kisasa halina ufa. Jiko la gesi na hata taa ya mafuta ziingie katika katazo hilo hilo. Saa ya kuzima taa, kiongozi azunguke akihesabu majiko kabla ya kuhesabu watoto.

Chakula na saa

Jua huzama saa kumi na mbili na nusu, na kijana atakuwa kitandani kwa muda wa saa tisa au kumi. Mwili unahitaji kuni za kuwaka muda wote huo. Chakula cha jioni kiliwe kabla giza halijaingia, kiwe na mafuta: githeri iliyokaangwa, parachichi, mayai, njugu karanga. Kabla ya kulala, uji wa maziwa. Watu husahau kunywa maji wakati wa baridi kwa kuwa hawasikii kiu, kwa hiyo chai na maji ya vuguvugu yapitishwe mara kwa mara mchana, yapunguzwe jioni, na wote waende chooni kabla ya kulala. Wapo watakaokojoa kitandani, hasa wadogo, na baridi huongeza. Kiongozi awe na blanketi la akiba na mahali pa siri pa kubadilishia. Mtoto akichekwa Jumamosi asubuhi hatarudi kwenye skauti, na atakuwa na haki.

Kuni za msituni Agosti zimelowa. Bebeni za kuwashia kutoka nyumbani, na kama kambi iko karibu na msitu, kibali cha Shirika la Huduma za Misitu kitafutwe wiki kadhaa mapema. Karibu na Aberdare ongezeni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, maana tembo na nyati hawasomi ratiba.

Dalili na hatua

Joto la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, ni hali ya dharura. Kipimajoto cha kwapani si cha kutegemewa porini, kwa hiyo tazameni tabia. Kwanza kijana hutetemeka. Kisha vidole vinashindwa kufunga kifungo, maneno yanaburuzika, anajikwaa, anajitenga, anakasirika bila sababu. Hatua inayodanganya viongozi ni ile ambapo kutetemeka kunakoma na yeye anasema yuko sawa. Hapo hayuko sawa: mwili umeshindwa kuendelea kujipasha. Wawekeni vijana wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake, kwa sababu mwenye baridi kali ndiye wa mwisho kujua.

Mtoto wa hatua ya kwanza aingizwe mahali pakavu, avuliwe nguo zote zilizolowa, afunikwe juu na chini, apewe kinywaji cha moto chenye sukari iwapo anameza vizuri. Msimsugue mikono na miguu, msimkalishe ghafla karibu na moto mkali. Aliyeacha kutetemeka au anayesinzia ashikwe taratibu, alazwe, apelekwe hospitali. Gari la kumpeleka liwe limelala kambini likiwa na mafuta, na dereva ajulikane jina. Wakati wa kumbadilisha nguo wawepo watu wazima wawili, mmoja wao wa jinsia yake.

Fomu ya mzazi iulize mambo mawili kwa uwazi: pumu na selimundu. Hewa baridi huchochea pumu, na baridi pamoja na ukosefu wa maji mwilini huweza kuleta maumivu makali kwa mwenye selimundu, ugonjwa ambao familia za Pwani na za Magharibi zinaufahamu vizuri. Mtoto wa selimundu asilale hemani Agosti kwenye mita 2,300. Aje mchana, ashiriki, alale nyumbani au kwenye jengo lenye joto, na daktari wake awe ameulizwa.

Usiku wa majaribio

Kundi lilale uwanjani shuleni usiku mmoja wa mvua ya Aprili au Mei, wazazi wakiwa karibu. Vijana wapige hema gizani, kila mmoja afungashe begi lake mwenyewe. Mama akifungasha, mtoto hatajua soksi kavu ziko wapi saa nane usiku. Hema linalovuja litajulikana hapo, na mwenye pumu atajulikana hapo.

Mapendekezo ya kujadiliwa

Ninaweka mezani mambo matatu. La kwanza, hakuna kambi ya Agosti itakayoidhinishwa bila jengo lenye paa, darasa au ukumbi wa kanisa, ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ufunguo wake ukiwa mfukoni mwa kiongozi. La pili, saa kumi alasiri ya Ijumaa iwe mwisho wa kuwasili; basi likichelewa, kundi lilale ndani ya jengo hilo na mahema yasubiri asubuhi. La tatu najua litaleta ubishi: Sungura, yaani skauti wadogo kabisa, wasilale hemani kabisa kati ya Juni na Agosti juu ya mita 2,000, na kambi yao ihamishiwe likizo ya Desemba. Chipukizi, wanaowafuata kwa umri, walale hemani kwa sharti la usiku wa majaribio, na Mwamba, walio wakubwa zaidi, wapewe jukumu la kukagua matandiko ya wadogo. Ninaomba pendekezo hili la tatu tulianze mapema, kabla ya chai, kwa sababu viongozi wa Nairobi wameshaniambia kwenye ukumbi kwamba hawalikubali.