Moshi wa Sigara na Majipu ya Kwapani Yasiyokoma



Yanapotajwa madhara ya tumbaku, fikira za watu huelekea kifuani, wala si ajabu, kwa kuwa tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha huko Uingereza uchunguzi wao juu ya saratani ya mapafu, huko ndiko hoja zilikoelekezwa; lakini ngozi nayo hulishwa kwa damu ile ile iliyokwisha kubeba sumu za moshi, na leo nimekusudia kunena habari za maradhi yake mamoja ambayo wenye nayo huyasitiri kwa haya hata miaka ikapita.

Maradhi hayo, ambayo wataalamu huyaita hidradenaitisi sapurativa, huanza aghalabu baada ya kubaleghe, kwa vinundu vyenye maumivu kwapani, kinenani, matakoni na chini ya matiti. Vinundu hugeuka majipu, majipu hupasuka yakatoa usaha wenye harufu, na yakidumu huacha makovu magumu na vijia vilivyochimbika chini ya ngozi kutoka donda hadi donda. Aristide Verneuil, tabibu Mfaransa aliyeyaandika kuanzia mwaka 1854, alidhani asili yake ni tezi za jasho. Waliomfuatia wamebainisha kwamba huanzia katika kishimo cha unywele, ambacho huziba, hufura, kisha hupasukia ndani, ndipo kinga ya mwili inaposhambulia pasipo kiasi. Si uchafu, wala hayaambukizi, na tabibu anayemwamuru mgonjwa wa namna hii akaoge vizuri humdhulumu.

Sasa, katika tafiti nyingi za Ulaya wagonjwa walio wengi wameonekana kuwa wavutaji, na njia ya madhara si siri kubwa: chembe za ngozi zina vipokezi vinavyoipokea nikotini, nayo huzidisha unene wa ngozi ya kishimo hata mdomo wake ukaziba, ilhali moshi huzichochea chembe nyeupe za damu na viini vya uvimbe, kikiwamo kile kiitwacho TNF, ambacho dawa ya adalimumabu, iliyoidhinishwa kwa maradhi haya mwaka 2015, imeundwa kukizuia.

Mwenye busara atauliza, na ana haki, kama pengine mgonjwa ndiye aliyeikimbilia sigara kwa sababu ya maumivu na fedheha. Kwa maradhi haya swali hilo halijafungwa, na wapo wagonjwa ambao hawakupata kuvuta hata siku moja. Lakini soriasi, ambayo ni jamaa yake katika uvimbe sugu, imetupatia ushahidi ulio bora: huko Marekani wauguzi wanawake zaidi ya 78,000 walifuatiliwa tangu mwaka 1991 hadi 2005, sigara zao zikihesabiwa kabla ya ngozi kuugua, na waliokuwa wakivuta walipatwa na soriasi kwa kadiri iliyokaribia mara mbili ya wasiovuta, na hatari hiyo ilipungua kwa walioacha, ijapokuwa polepole, kwa miaka mingi. Vivyo hivyo malengelenge ya usaha ya viganjani na nyayoni, ambayo wenye nayo karibu wote ni wavutaji.

Kwa hiyo swali la tumbaku na liulizwe, lakini lisitangulizwe. Mgonjwa aliyekwisha kutukanwa kwa harufu yake, akihojiwa sigara kabla hajatazamwa kwapa, atasikia hukumu badala ya tiba, na hatarudi. Atazamwe kwanza, aelezwe kwamba hakujiletea balaa, apewe dawa yake, ndipo aambiwe kwamba kuacha si ahadi ya kupona bali ni kuipunguzia ngozi mchokozi mmoja. Na ikiwa vile vijia vitahitaji kukatwa, basi tabibu wa upasuaji aombe sigara iachwe majuma yapatayo manne kabla ya kisu, na isirudiwe mpaka kidonda kifunge, maana nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na kwapa ni mahali ambapo hata kidonda cha asiyevuta hufunga kwa taabu.