Klima Ikipiga Kelele: Mbele ya Kukopa Franga za Kompresere

Maneno ya memba wetu, fundi wa magari, kwenye kikao cha mwezi, Lubumbashi



Mbele ya kamati kuko maombi mbili ya mkopo, zote za kununua kompresere ya klima. Wenye kuomba ni bashofere, ndugu zetu, na gari ndiyo kitu walirudia nayo. Nawaelewa. Mwezi wa kumi, jua mbele ya mvua, mteja wa kwenda Kasumbalesa hapandi gari isiyo na klima. Lakini kesi ni yetu wote: franga ikitoka, mwenye kurudi kesho atakuta kesi tupu.

Basi tusikilize gari kwanza.

Washa motere, klima ikiwa imezimwa. Halafu washa klima. Kama kelele ilikuwa pale na sasa inapotea ao inapungua, mara nyingi ni rulema ya puli. Puli inazunguka na kurwa saa yote, hata klima imezimwa. Ukiwasha, sumaku ya ambreyaji inavuta sahani, puli na mti wa kompresere vinazunguka pamoja. Kwa magari mengi rulema inabadilishwa bila kufungua gazi, na bei yake hailingani hata kidogo na ya kompresere.

Zima motere, toa kurwa, zungusha kwa mkono puli hiyo, kisha rulo ya kukaza kurwa, kisha alternatere. Yenye kukwaruza kama iko na mchanga, njo yenyewe. Vumbi ya kwetu mwezi wa saba na wa nane haina huruma.

Kelele ikianza tu ukiwasha klima, kaza bulo za kompresere, halafu pima gazi. Ikizidi, kompresere inagonga. Ikipungua, mafuta yenye kusafiri nayo hairudi vizuri, na ndani inajikwangua. Fundi mwenye kuongeza gazi kila mwezi bila kutafuta fasi inavuja anakula franga yako. Na mwenye kutia gazi ya kupikia, mukimbie: hiyo inawaka.

Mafuta ikitoka nyeusi na chembe za chuma, hapo nunua. Lakini chembe zimekwisha kuingia mu kondansere. Lazima kusafisha mistari yote, kubadilisha chujio ya kukausha, na kuvuta hewa kwa pompi dakika 30 ao zaidi mbele ya kutia gazi. Bila hivyo, kompresere mpya itakufa, na deni itabaki.

Kwa hiyo naomba tununue kwanza manometre na pompi ya shirika, memba alipe kidogo kila akitumia. Wenye kutuchangia wataiona kwa macho.

Hao bashofere wawili walete magari siku ya posho asubui. Ntayasikiliza mbele ya kamati, ndipo tusaini.